Jinsi ya kuendesha darasa la siasa mtaani, kutoka Athens hadi bajeti ya wadi

Ukitaka majirani zako wajifunze siasa, usianze kwa kuwagawia Katiba. Nasema hivi nikiwa mtu anayeipenda Katiba yetu, na nakala yangu imelegea kurasa kwa kufunguliwa. Lakini semina za elimu ya uraia nilizohudhuria hapa Eastlands, Nairobi, karibu zote zilikuwa za aina moja: mwezeshaji anasimama mbele, anasoma ibara hii na ile, watu wanaitikia kwa vichwa, soda zinafunguliwa, nauli inagawiwa, kila mtu anashika njia. Wiki ijayo muulize mama aliyekuwa pale amebaki na nini, atakwambia ameambiwa ana haki. Haki ipi, na kwa nini walikuwako watu wenye akili zao timamu waliosema hastahili kuwa nayo, hilo halikuguswa.

Anza na swali. Sisi tulianza na hili: je, mtu wa kawaida anaweza kutawala? Watu wamelibishania kwa zaidi ya miaka 2,400, na kila aliyeitetea demokrasia au kuipinga amelazimika kulijibu. Kila mtu wa Nairobi naye ana jibu lake, hata kama hajawahi kufungua kitabu. Dereva wa matatu atakwambia wananchi ni wajinga, wanachagua kwa kabila na kwa pakiti ya unga. Mama mboga atamjibu kwamba walioiba nchi hii ndio waliosoma. Hao wawili tayari wako ndani ya mabishano ya kale. Kazi yako ni kuwaonyesha hivyo, kisha kuwapa hoja za waliowatangulia ili wabishane vizuri zaidi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo soko la Jericho. Sina digrii ya siasa, na hutahitaji kuwa nayo.

Watu, mahali na chai

Watu wanane hadi kumi na watano wanatosha. Wakizidi hapo, wenye sauti kubwa watawameza wengine. Changanya watu kwa makusudi: bodaboda, mwalimu mstaafu, mama wa kibanda, kijana aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi, mlinzi wa usiku, mtu wa msikitini na mtu wa kanisani. Na usikusanye kabila moja. Hapo silegezi. Darasa la siasa la kabila moja katika jiji hili litageuka kuwa kambi ya kampeni kabla mwaka haujaisha.

Kuhusu mahali, ukiishi upande wetu kuna maktaba ya Kaloleni na ya Makadara, matawi ya maktaba ya McMillan iliyo katikati ya jiji. Waeleze wenzako historia ya McMillan yenyewe: jengo la mjini lilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi 1958. Halafu wapeleke mpaka ukumbi wa Kaloleni. Humo, Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya umati akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuwa huru tena hadi 1961. Kila anayedhani fikra za demokrasia ni za kigeni kwetu, za kuletewa kwenye sanduku, asimame kwanza mle ndani.

Chai changeni wenyewe. Mheshimiwa akisikia kuna watu wanakutana kila Jumapili, atatuma kijana na bahasha. Irudisheni siku hiyohiyo, tena mbele ya wote, ili asiwepo wa kunong'ona baadaye kwamba fulani alibaki na kitu.

Asiwepo mwalimu. Awepo mtu wa kuandaa kazi ya siku na kuhakikisha wasiosema wanasema. Wafanyakazi wa Sweden walijifunza hivyo kwa miaka mingi, tangu Oscar Olsson alipoanzisha vikundi vya kusoma mjini Lund mwaka 1902: watu wachache, kitabu kimoja, majadiliano, hakuna mhadhara. Mwenye digrii akija, karibu sana, akae kwenye benchi kama wengine.

Mwenyekiti wa siku moja

Hili lifanyeni kikao cha kwanza, kabla ya kusoma neno lolote. Kata vipande vya kitambaa, vyote rangi moja isipokuwa kimoja, vitie mfukoni, kila mtu achomoe bila kutazama. Atakayetoa kipande chenye rangi tofauti ndiye mwenyekiti wa siku hiyo, basi, na kikao kijacho kura inapigwa upya.

Watu watapinga. Kwetu mzee mmoja alisema haiwezekani kijana wa bodaboda amnyamazishe mwalimu. Hapo ndipo unapowaeleza Athens, mji wa Ugiriki ya kale, ilivyokuwa. Baada ya mageuzi ya kiongozi wao Cleisthenes, mwaka 508 kabla ya Kristo, mji ule uligawanywa katika makabila 10 mapya, yaliyochanganya watu wa pwani, wa bara na wa mjini kwa makusudi ili ukoo usiwe chama. Baraza lilikuwa na watu 500, hamsini kutoka kila kabila, waliopatikana kwa bahati nasibu, kwa mwaka mmoja, na mtu hakuruhusiwa kulitumikia zaidi ya mara mbili maishani. Kila siku mmoja wao alipata kwa kura hiyo ya bahati uenyekiti wa siku moja, na siku hiyo yeye ndiye aliyeshika muhuri wa dola na funguo za hazina. Yaani fundi viatu angeweza kuamka asubuhi akiwa mshika funguo za serikali, na kesho yake akarudi kwenye viatu vyake.

Waache walitafune hilo. Ukiona wameanza kulishangilia, waulize nani hakuwemo. Wanawake hawakuwemo. Watumwa hawakuwemo, wala wageni waliokaa pale vizazi na vizazi. Akina mama wa darasa letu walinyamaza kidogo waliposikia hivyo, kisha mmoja akauliza swali ambalo tumelirudia katika kila somo tangu hapo: "Na hawa nao, nani alikuwa anawapikia wakati wakijadiliana?" Liandike ukutani. Kila mwanafikra atakayepita mbele yenu aulizwe hilo.

Masomo, na mpangilio wake

Maandishi ya kale yapo bure kwenye intaneti, kwa Kiingereza. Chagua ukurasa mmoja tu. Mwenye Kiingereza kizuri aupitie nyumbani, aje ausimulie kwa Kiswahili, na wengine wawe huru kumkatiza. Anayesimulia ndiye anayejifunza zaidi, kwa hiyo zamu izunguke.

Mpe Protagoras, mwalimu wa Ugiriki ya kale, nafasi ya kwanza. Katika mazungumzo yaliyoandikwa na mwanafalsafa Plato, Socrates anamwambia hivi: Waathens wakijadili ujenzi wa meli, humsikiliza mjenzi wa meli peke yake, na asiyejua akisimama humzomea. Lakini wakijadili uongozi wa mji, husimama yeyote, seremala, mhunzi, fundi viatu, mfanyabiashara, tajiri kwa maskini, na hakuna anayemwuliza amesomea wapi. Je, si kichaa hicho? Protagoras anajibu kwa kisa. Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, alipotaka kuwapa binadamu haki na staha, mjumbe wake Hermes alimwuliza: nigawe kama ufundi ulivyogawiwa, tabibu mmoja kwa watu wengi, au niwape wote? Zeus akasema wape wote, kwa maana miji haiwezi kusimama vitu hivyo vikiwa vya wachache. Kisha Protagoras anaongeza jambo linaloniuma kwa uzuri wake: vitu hivyo mtu hazaliwi navyo vimekamilika, hufundishwa, na anayevifundisha ni mji mzima, kuanzia mlezi na mama hadi jirani, kama mtoto anavyofundishwa lugha.

Mimi ni fundi, na aya ile yenye seremala na mhunzi naisoma kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Somo hili lipe vikao viwili ukiweza.

Kikao kinachofuata mlete Plato mwenyewe, tena mlete na nguvu zake zote. Usimdhoofishe. Mwalimu wake, Socrates, aliuawa mwaka 399 kabla ya Kristo kwa hukumu ya baraza la raia wa kawaida, na Plato hakulisahau. Anasema mabaharia wanaogombania usukani huku wakimcheka anayejua nyota wataizamisha meli. Katika darasa letu ndiye aliyepata wafuasi wengi. Watu waliopanga mlolongo mrefu, wakapiga kura, kisha wakamwona waliyemchagua akibadilika, wana sababu za kumwelewa. Usikimbilie kuwajibia. Mtu asiyewahi kusikia hoja nzuri dhidi ya demokrasia hataweza kuitetea siku itakapohitaji kutetewa.

Aristotle anafuata kwa sababu anamjibu Plato kwa utulivu. Anasema watu wengi, hata kama hakuna mmoja wao aliye bora sana, wakikutana huweza kuamua vizuri kuliko mmoja bora, kama karamu iliyochangiwa na wengi inavyoishinda ya mfuko mmoja. Anasema pia kuna kazi ambazo mtumiaji huzipima vizuri kuliko fundi: mgeni karamuni huijua ladha kuliko mpishi. Wenye uzoefu wa harambee hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Rousseau, mwanafalsafa wa Geneva, mpitie upesi, sentensi moja inatosha. Mwaka 1762 aliandika kwamba Waingereza hudhani wako huru, kumbe wako huru siku ya kuchagua wabunge tu. Wakishawachagua, ni watumwa tena. Uliza: kati ya Agosti 2022 na Agosti 2027, wewe ni nani?

Vifungo vya shati: somo la Mill

Hapa tulieni, hapa ndipo pana utajiri. John Stuart Mill alikuwa Mwingereza aliyeandika mwaka 1861 kwamba mtu wa kawaida huelimishwa na kushiriki kwenyewe: kuketi na raia wenzake mahakamani kuamua kesi au kushika wadhifa mdogo wa mtaani kunampanua akili, kwa sababu anapima maslahi yasiyo yake. Alitetea kura ya wanawake, na mwaka 1867 alisimama Bungeni kuidai. Lakini katika kitabu kilekile cha 1861 alitaka waliosoma wapewe kura zaidi ya moja. Na miaka miwili kabla alikuwa ameandika kwamba utawala wa kiimla unafaa kwa watu aliowaita washenzi, mradi uwaboreshe. Alikuwa ameajiriwa miaka mingi na kampuni iliyoitawala India.

Usilihubiri hilo. Lichezeni. Nunua vifungo vya shati pakiti moja. Andika jambo la kweli la mtaa lenye pande mbili. Sisi tuliweka hivi: fedha zikipatikana kidogo, zijenge mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaani, karibu na stendi, au zizibue mtaro wa maji taka nyuma ya nyumba? Kwanza kila mtu atumbukize kifungo kimoja kwenye kikombe cha upande wake. Hesabuni. Halafu rudieni, na safari hii aliyefika sekondari apewe kifungo cha pili, na mwenye nyumba yake au mshahara wa kila mwezi apewe cha tatu.

Mara ya kwanza mtaro ulishinda. Mara ya pili ulishinda mulika mwizi, kwa sababu wenye vifungo vitatu hawaishi kando ya mtaro.

Vifungo vikiwa bado mezani, waambie sasa kwamba huu haukuwa mchezo wa kubuni. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, viti vinane nchi nzima, na Tom Mboya akaingia kwa kiti cha Nairobi. Sheria ya uchaguzi ule ilimpa mtu kura moja, mbili au tatu, kulingana na elimu, mapato, mali au utumishi wake. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji pia cheti cha uaminifu kwa serikali. Watu wa darasani waliokuwa na babu zao hai mwaka huo watakuwa na la kusema.

Kwetu mabishano yalikwenda hadi giza likaingia. Sikutarajia kwamba atakayetetea vifungo vitatu angekuwa mwenye kifungo kimoja. Mama mmoja wa mboga alisema angempa mwalimu hata vitano, kwa sababu mwalimu hanunuliki kwa unga. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema yeye anajua kusoma ramani ya mtaro, lakini hajui maji yanaingia nyumba gani usiku wa mvua. Nilikuwa nimekuja na ukurasa wa John Dewey, mwanafalsafa Mmarekani, nikausoma papo hapo: anayevaa kiatu ndiye anayejua kwamba kinabana na kinabana wapi, hata kama fundi viatu ndiye anayejua namna ya kukirekebisha. Dewey aliyaandika hayo mwaka 1927. Aristotle na mpishi wake wakakumbukwa bila mimi kuwataja. Mkifika hapo darasa lenu limeshika.

Chini ya mti, na ndani ya duka

Msibaki Ulaya. Nyerere alipenda maelezo ya wazee waliokaa chini ya mti mkubwa wakazungumza mpaka wakakubaliana, na aliyatumia kuonyesha kwamba demokrasia ya Mwafrika haihitaji vyama vya kupingana. Tanzania ikawa ya chama kimoja kisheria mwaka 1965. Kwetu Kenya kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikaingizwa kwenye Katiba mwaka 1982, tukafika hadi kura ya mlolongo ya 1988, na kifungu hicho kikafutwa Desemba 1991, baada ya Saba Saba ya Kamukunji, maandamano ya Julai 7, 1990 ya kudai vyama vingi, na wengi kupoteza maisha au uhuru wao. Jadilini kwa haki: kukubaliana ni bora kuliko kushindana? Na swali la ukutani likiulizwa kuhusu mti ule, wanawake na vijana walikuwa wapi? Mimi nampenda Nyerere, na bado kwa swali hilo simwachii.

Kisha simulieni shule za uraia za Johns Island, South Carolina. Ya kwanza ilianza Januari 1957, mwaka uleule wa kura zetu tatu tatu. Mtu mweusi kule hakuweza kujiandikisha kupiga kura bila kusoma kipande cha katiba ya jimbo. Esau Jenkins, aliyekuwa akiendesha basi, na Septima Clark, mwalimu aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kujitoa katika chama cha haki za weusi, walitafuta mtu wa kufundisha. Wakamchagua Bernice Robinson, msusi wa nywele na mshonaji, kwa sababu hakuwa mwalimu na hangewadharau watu wazima. Darasa lilikuwa nyuma ya duka la ushirika. Aliwauliza wanataka kujifunza nini: kuandika jina, kusoma barua ya mtoto aliye mbali, kujaza fomu ya kuagiza bidhaa. Akaanza na hayo. Shule za aina hiyo zilienea kusini mwa Marekani na kuandikisha maelfu.

Wakimaliza kusikia hayo, wakumbushe Kamiriithu, Limuru, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ambako mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi walijifunza kusoma, wakaigiza maisha yao wenyewe, na serikali ikafungia mchezo wao kabla mwaka haujaisha.

Peleka hoja kwenye wadi

Sasa ndipo Katiba ifunguliwe, maana sasa kila ibara ni jibu la swali walilokwisha kubishania. Someni ya 1, ya mamlaka ya wananchi, kando ya Rousseau. Someni ya 10 na ya 196, za ushiriki wa umma, kando ya Protagoras. Someni ya 104 kuhusu kumwondoa mbunge. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Mei 2021 kuhusu BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, inafaa sana: majaji walisema kugusa msingi wa Katiba kunahitaji kwanza elimu ya uraia, kisha maoni ya umma, kisha bunge la katiba, kisha kura ya maoni. Mahakama ya Juu ililikataa fundisho hilo Machi 2022, ingawa mswada wenyewe ulianguka. Gaweni darasa pande mbili, mbishane.

Halafu fanyeni tendo moja. Moja tu, na lenye karatasi. Sisi tuliandika barua kuuliza fedha za mtaro zilipangiwa nini. Tumieni ibara ya 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Andikeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Ofisi moja tuliyoiendea ilikataa kugonga muhuri, tukarudi kesho yake tukiwa watu sita badala ya wawili, tukagongewa. Msiende mtu mmoja kamwe. Muda ukipita bila jibu, malalamiko yapelekwe kwa ofisi ya Ombudsman, yaani Commission on Administrative Justice. Mkiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, gawaneni kurasa za mswada kama mnavyogawana kurasa za Aristotle. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele na kuueleza kwa lugha za nyumbani, na nchi nzima ikajua kilichomo. Ninyi hamna sababu ya kutoweza bajeti ya kaunti.

Siku moja ya wiki, saa ya chakula cha mchana, pitieni bustani ya Jeevanjee mkasikilize Bunge la Mwananchi, watu wanaobishana pale tangu miaka ya tisini bila kulipwa na mtu. Jifunzeni wanavyopeana zamu.

Kuhusu wakati wa kuanza, fuateni kalenda ya fedha. Mpango wa maendeleo wa kaunti huwasilishwa kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mkikutana kwa mara ya kwanza Septemba, mtakuwa na Wagiriki hadi Novemba, Mill na Nyerere kufikia Januari, na Februari mtaingia kwenye kikao cha maoni mkijua mnachotaka kuuliza. Bodaboda wa darasa letu ndiye aliyechomoa kipande chekundu wiki ile ya kikao cha maoni. Aliuliza swali la mtaro kwa Kiswahili, karani akaliandika, na mzee aliyempinga siku ya kwanza alikuwa ameketi kando yake akimshikia makaratasi.